Umoja na Yule Asiyeutaka

Kando ya Barabara ya Jogoo, mashariki ya Nairobi, ipo mitaa iliyojengwa zamani za ukoloni ili wakae wafanyakazi wa Kiafrika. Mmoja wao huitwa Mbotela. Jina hilo ni la Tom Mbotela, mzawa wa ukoo wa watumwa walioachwa huru Freretown, karibu na Mombasa. Alikuwa diwani wa Nairobi, na wakati mmoja makamu wa rais wa chama cha KAU. Aliipinga Mau Mau hadharani. Novemba 1952, majuma machache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, aliuawa, na mauaji yake yakahesabiwa kuwa kazi ya Mau Mau.

Msomaji asiwahukumu kwa pupa wale waliokula kiapo. Ardhi yao ilikuwa imetwaliwa, nao waliokwenda kuidai kwa maneno walirudi mikono mitupu. Hata KAU yenyewe ilipigwa marufuku Juni 1953. Wagikuyu, Waembu na Wameru, pamoja na Wakamba na Wamaasai wachache, wakashikana. Kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali si kazi nyepesi. Kiapo kiliwapa sababu ya kutiiana watu wasiofahamiana, ingawa hakikutosha daima: huko msituni Dedan Kimathi na Stanley Mathenge walifarakana, huyu na Bunge lake la Kenya, yule na Kenya Riigi.

Basi je, umoja wa namna hiyo una haki gani juu ya mtu asiyeutaka? Wapiganaji wangejibu kwamba neno moja la msaliti laweza kuangamiza kikosi kizima. Jibu hilo ni zito, wala halifai kudharauliwa na mtu aliyelala salama. Lakini Mbotela hakunena gizani. Asemaye waziwazi, “Mimi sikubaliani nanyi,” amejiweka mahali awezapo kujibiwa kwa hoja. Amfuataye usiku kwa silaha hajamjibu neno. Tena kiapo kile hakikuwa cha watu wake. Yamkini mjukuu wa watumwa, asiye na shamba la babu la kudai, aliiona vita hiyo kwa jicho jingine. Haki ya dai haiingii yenyewe katika kila tendo lifanywalo kwa jina la dai hilo.

Serikali haikuwa bora. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji wa Nairobi, watu wakachambuliwa kwa kabila kama nafaka, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Mmeru asiyepata kuonja kiapo alichukuliwa pamoja na aliyekionja. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyouenzi mtaa kwa jina la marehemu ambaye kifo chake kiliifaa.

Mwaka 2007 sanamu ya Kimathi ilisimamishwa katikati ya mji, nayo ilichelewa mno. Wapo waonao kwamba, baada ya hayo, jina la Mbotela halina mahali tena, kwa kuwa lilitolewa na mkoloni kwa faida yake. Kuhusu mkoloni wasema kweli. Hata hivyo mimi nasema libaki. Kenya huru imeliacha tangu 1963, na watoto waliozaliwa mtaani humo wamelitaja kila walipoulizwa kwao ni wapi.