Neno la Mchungaji: Tujenge kwa Upendo Hata Tukiwa Safarini

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8, 2 Wafalme 4:8-10, Yeremia 29:4-10

 

Kila tunapokutana kupanga ujenzi, tunasikia neno moja: "Ya nini kujisumbua? Hapa tunapita tu." Neno hilo lina uchungu ndani yake, na hatulidharau. Wengi wetu tuliacha nyumba tulizozijenga kwa miaka mingi, tukatoka kwa usiku mmoja. Moyo ulioumia namna hiyo unaogopa kupenda nyumba nyingine. Tena wako wanaofikiri kwamba anayejenga vizuri hapa amekata tamaa ya kurudi. Basi tulitazame Neno la Mungu.

Katika Kumbukumbu la Torati, Israeli bado wako safarini. Hawajavuka Yordani. Hapo ndipo Mungu anawapa amri juu ya nyumba ambazo hawajazijenga: paa lizungushiwe ukingo, mtu asije akaanguka, damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Paa zao zilikuwa tambarare. Watu walipanda juu kupumzika na kuanika vitu. Tazameni, ndugu: Mungu aliyeumba mbingu na nchi anamwaza mtoto anayecheza juu ya paa! Kwake jambo dogo la ujenzi ni jambo la uhai.

Tumwone na yule mama wa Shunemu. Elisha alikuwa mpita njia tu, lakini mama yule alimshauri mume wake wamjengee chumba kidogo juu, wamwekee kitanda, meza, kiti na taa. Ni vitu vinne tu. Alijiuliza mgeni aliyechoka atahitaji nini, naye akajenga kufuatana na jibu. Huo ndio usanifu wa upendo.

Hata siku zetu wako wajenzi wanaojiuliza hivyo. Shigeru Ban ni msanifu majengo aliyezaliwa Tokyo, Japani, mwaka 1957. Mwaka 1994 aliona picha za wakimbizi wa Rwanda wakitetemeka ndani ya mablanketi, akasafiri mpaka Geneva, kwenye ofisi za UNHCR, kutoa msaada wake. Wakati ule wakimbizi walipewa maturubai, na miti mingi ikakatwa kwa ajili ya nguzo. Walipopewa nguzo za alumini, wengine waliziuza. Sisi tunaojua njaa ya kambini hatushangai. Ban alipendekeza nguzo za karatasi ngumu, mfano wa yale mabomba ambayo wauza vitambaa huzungushia kitambaa. Mwaka 1999 vibanda 50 vya namna hiyo vilijengwa kwa majaribio katika kambi ya Byumba, Rwanda.

Kabla ya hapo, tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe huko Japani, likaua watu zaidi ya 6,000. Kanisa Katoliki la Takatori likateketea kwa moto. Miongoni mwa waumini wake walikuwamo Wavietnamu waliofika nchi ile kama wakimbizi, na baada ya tetemeko walilala chini ya maturubai katika bustani za mji. Ban aliwajengea vyumba vya mabomba ya karatasi. Msingi ulikuwa makreti ya bia yaliyojazwa mifuko ya mchanga. Kati ya bomba na bomba aliweka utepe wa kuzuia maji. Paa la turubai liliweza kufunguliwa pembeni wakati wa joto ili hewa ipite, na kufungwa wakati wa baridi. Kati ya nyumba na nyumba aliacha karibu mita 1.8, majirani wapate mahali pa kukaa pamoja.

Kisha likaja kanisa. Watu wa kujitolea wapatao 160 walilisimamisha kwa wiki tano, nguzo 58 za karatasi zikizunguka waumini kama yai. Nyuma ya madhabahu nguzo zilisogezwa karibu karibu. Upande wa kuingilia ziliachana, ili kanisa lifunguke kwa nje. Lilijengwa kuwa la muda, lakini watu walilipenda, likadumu miaka 10. Mwaka 2005 lilifunguliwa vipande vipande, likapelekwa Taiwan, ambako tetemeko la mwaka 1999 lilikuwa limebomoa vijiji. Likasimamishwa tena katika kijiji cha Taomi na kufunguliwa mwaka 2008. Ndugu, kanisa la karatasi lilivuka bahari likawafariji wengine!

Hapa tunajifunza kwamba unyonge wa vifaa haumzuii mtu kujenga kwa uangalifu. Tunajua kwamba katika makambi mengi wakimbizi hawaruhusiwi kusimamisha majengo ya kudumu, nasi tunatii serikali iliyotupokea. Lakini hakuna sheria inayotukataza kumfikiria atakayelala ndani ya nyumba.

Na habari ya kurudi? Someni barua ya Yeremia kwa waliohamishwa Babeli. Anawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani, na katika barua ile ile Mungu anaahidi kuwarudisha. Hanania, nabii wa uongo, ndiye aliyewaambia watu kwamba mambo yataisha kwa miaka miwili. Kwa hiyo kujenga na kutumaini havigombani. Mtoto aliyezaliwa hapa anakua leo; hawezi kusubiri amani ya nyumbani ndipo apate dirisha la kumpa hewa.

Basi tunaomba kila kikundi cha maombi kizungukie nyumba za wajane, wazee na wagonjwa, kikiuliza kama mama wa Shunemu. Je, maji ya mvua yanaingia mlangoni? Tuchimbe mfereji. Je, mlango una komeo la ndani, ili mama na binti zake walale bila hofu? Je, moshi una pa kutokea? Je, njia ya choo inapitika usiku kwa mzee mwenye fimbo?

Katika kanisa letu pia tuangalie. Ndugu yetu anayetambaa kwa mikono ataingiaje penye ngazi? Tumwekee mteremko. Mama anayenyonyesha apate kona yenye kivuli. Wazee wapate mabenchi yenye egemeo. Hatuhitaji kanisa la kujivunia mbele ya madhehebu mengine. Tunahitaji lile ambalo kila mmoja akiingia ataona kwamba alikumbukwa.

Jumamosi ijayo, asubuhi, tutaanza kwa mjane ambaye paa lake liliezuliwa na upepo. Mwenye jembe aje nalo, mwenye kamba aje nayo. Asiye na kitu aje na mikono yake.

Yesu mwenyewe alikuwa fundi seremala kabla ya kuhubiri, naye amekwenda kutuandalia mahali. Atufundishe kuandaliana mahali hapa duniani, hata kama ni kwa fito na udongo. Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.