Kati ya "Hawajajibu" na "Hawakujibu"

Usaili ukiisha, jopo husema "tutakujulisha", msailiwa hushukuru na kutoka nje. Kuanzia hapo huingia katika hali ambayo Kiswahili kina namna yake mahususi ya kuitaja. Akiulizwa nyumbani, hujibu: "Bado, hawajajibu." Kiambishi -ja- katika kitenzi hicho hakikanushi tu kwamba jambo limetokea, huacha nafasi ya kutokea kwake. "Hawakujibu" ni habari iliyokwisha, "hawajajibu" ni habari inayoendelea. Neno "bado" nalo hubeba mambo mawili kwa mpigo: kwamba hali ya awali ingali ipo, na kwamba nyingine inatazamiwa. Swali la kifalsafa kuhusu kungoja jibu la kazi linaanzia hapa. Ni lini, na kwa mamlaka ya nani, "hawajajibu" hugeuka kuwa "hawakujibu"?

Lugha yenyewe ina vitenzi viwili kwa hali hii. Kungoja ni neno la Kibantu, na halisemi lolote kuhusu tabia ya anayengoja. Hata shehena hungoja meli bandarini. Kusubiri kulitoka katika Kiarabu, kwenye shina lile lile la subira, kukaja na uzito wa kidini wa kuvumilia pasipo kulalamika. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya yamekwisha kuwa kitu kimoja, na mtu husubiri basi bila kujidai fadhila yoyote. Hata hivyo methali hazikusahau tofauti yake. Inayosifu imechukua neno la Kiarabu: subira huvuta heri. Inayolalamika imechukua la Kibantu: ngoja ngoja huumiza matumbo. Wazee wanapomtuliza kijana aliyetoka usailini humpa ile ya kwanza. Tumbo lake linamwambia ya pili. Zote mbili zina haki, kwa sababu anachokifanya kijana huyo hakijaeleweka vizuri, hata naye mwenyewe hajui kama anavumilia jambo au anapoteza muda.

Ugumu uko kwenye kitu kinachongojewa. Aristotle, katika sura ya 9 ya kitabu kijulikanacho kwa jina la Kilatini De Interpretatione, alitoa mfano wa vita vya baharini vya kesho. Ni lazima vita hivyo ama vitatokea ama havitatokea, lakini leo hakuna lazima ya kwamba vitatokea, wala ya kwamba havitatokea. Anayengoja mvua za masika yumo katika mfano huo: jambo lenyewe halijaamuliwa popote, na mawingu hayamfichi mtu. Anayengoja jibu la usaili anafanana naye kwa siku chache tu. Kila msaili hujaza alama zake, jumla hufanywa, majina hupangwa. Baada ya hapo jibu halimo tena katika wakati ujao. Limo katika faili. Upande mmoja wa meza jambo limekwisha, na upande wa pili halijaanza. Msailiwa anaendelea kuliwazia, kuliombea na kulihofia kana kwamba bado lingeweza kwenda huku au kule, na pengine lilikwenda Jumanne iliyopita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kungoja huku ni kungoja kujua, wala si kungoja tukio, na tofauti hiyo ina uzito wa kimaadili. Tukio ambalo halijatokea haliwezi kudaiwa kwa mtu. Ujuzi ambao mtu anao na mwenzake hana, unaweza kudaiwa.

Ni haki kusema kwamba ukimya wa mwajiri hauna maana moja. Aliyeshika nafasi ya kwanza hupelekewa barua na kupewa siku za kukubali. Vyeti vyake huhakikiwa, wadhamini wake hupigiwa, mara nyingine hupimwa afya. Akikataa, au akionekana na kasoro, huitwa wa pili. Muda wote huo, yule wa pili haambiwi kitu, kwa kuwa kumwambia amekosa ni kumpoteza na kumwambia amepata ni uongo. Ukimya unaomfunika mtu wa akiba, basi, unafanana kabisa na ukimya unaomfunika aliyekataliwa dakika ya kwanza. Hakuna ishara ya nje inayowatenga. Ndiyo maana ushauri wa "wiki mbili zikipita jua umekosa" hauna msingi. Wapo walioitwa baada ya miezi.

Katika utumishi wa umma Tanzania hali hii imepewa hata jina. Ajira nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira, chombo kilichowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 kama ilivyorekebishwa 2007. Waombaji hupita usaili wa mchujo, kisha wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, kisha wa mahojiano, na mwishoni hutoka tangazo la kuitwa kazini. Matangazo hayo hueleza kwamba baadhi ya majina yametoka kwenye kanzidata, yaani ni ya watu waliofaulu usaili uliopita lakini nafasi hazikutosha. Aliye kwenye kanzidata amefaulu na hajapata. Kimantiki ni hali safi kabisa ya -ja-, iliyowekewa utaratibu wa kiofisi. Tangazo lilo hilo huwaambia wasioona majina yao kwamba hawakupata nafasi, na kwamba wasisite kuomba tena. Sentensi hiyo ni kavu na haina pole, lakini inafanya kazi ambayo ofisi nyingi binafsi haziifanyi. Inambadilishia mtu kitenzi.

Kinachotokea ndani ya anayengoja, wanafalsafa wa wakati wamekieleza vizuri zaidi ya wataalamu wa ajira. Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, alishikilia katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake kwamba wakati uliopita na ujao vyote viko rohoni sasa hivi, kimoja kama kumbukumbu, kingine kama matazamio, na kwamba roho hutanuka kati yake. Msailiwa hutanuka hivyo kwa namna ya pekee, kwani matazamio yake yanakula kumbukumbu. Hana habari mpya, kwa hiyo huirudia ile ya zamani. Mbona waliuliza anaweza kuanza lini? Yule mama wa katikati alitikisa kichwa kwa kukubali au kwa kuchoka? Kila siku usaili ule ule hufanyika upya kichwani, na kila siku matokeo yake ni tofauti. Henri Bergson, mwaka 1907, alitumia mfano wa sukari katika glasi ya maji: anayetaka kuinywa hana budi kungoja iyeyuke, na muda huo si tarakimu ya mwanahisabati, ni kutotulia kwake mwenyewe. Lakini sukari angalau inaonekana ikipungua. Simu isiyolia haioneshi kama kuna kitu kinayeyuka. Kwa hiyo mtu huifanya simu yenyewe kuwa kazi: huchajiwa kabla ya kuisha, laini haibadilishwi, namba ngeni haipuuzwi hata msibani.

John Mbiti wa Kenya ndiye aliyeyaingiza maneno mawili ya Kiswahili katika falsafa ya wakati. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia Sasa na Zamani kuwa majina ya sehemu mbili za wakati, akadai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao karibu haupo. Kwa kutazama vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, alisema ujao ule hauvuki miaka miwili hivi, na kwamba jambo lisilo na hakika ya kutokea halimo katika wakati kabisa. Wengi walimpinga, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana aliyetoa ushahidi wa Kiakan, na msemaji wa Kiswahili anaweza kuongeza kwamba -ta- ya lugha yake haina kikomo cha miaka. Madai ya Mbiti kuhusu Waafrika wote yalikuwa mapana mno. Kuhusu anayengoja jibu la kazi, hata hivyo, aligusa jambo la kweli. Mtu huyo hawezi kupanga chumba, wala kutoa posa, wala kulima shamba la mbali, wala kukubali kibarua cha miezi mitatu, kwa kuwa kila mpango unahitaji wakati ujao na wakati wake ujao umeshikwa na mtu mwingine. Sasa yake imevimba ikameza kila kitu. Asili ya Waafrika haina sehemu katika hilo. Ni kazi ya ofisi isiyojibu.

Je, atumaini? Imamu Ghazali, aliyefariki 1111 na ambaye kitabu chake Ihyaa kinasomwa katika madrasa za pwani, alitenga tumaini na kujidanganya kwa mfano wa mkulima. Aliyelima, akapanda mbegu nzuri, akatia maji, kisha akamwachia Mungu yaliyobaki, huyo anatumaini. Aliyetupa mbegu kwenye ardhi ngumu akangoja mavuno amedanganyika. Kwa kipimo hicho msailiwa aliyejiandaa ana haki kamili ya kutumaini, wala hana sababu ya kuona aibu kwa tumaini lake. Tatizo ni kwamba mkulima ana msimu. Vuli ikipita bila mahindi kubeba, shamba lenyewe humwambia. Msailiwa ana mbegu na ana shamba, ila kalenda iko mfukoni mwa mwingine.

Hapo ndipo kungoja kunapoingia katika mambo ya mamlaka. Mwanasosholojia Pierre Bourdieu, katika kitabu chake cha 1997 kinachobeba jina la Pascal, aliona kwamba kumfanya mtu angoje, bila kulikata tumaini lake, ni njia mojawapo ya kumtawala. Likikatwa, angeondoka na kuwa huru. Wengi wa wanaokaa kimya hawakusudii hayo. Wana kazi nyingi, au hawapendi kutoa habari mbaya. Lakini mzigo hauangalii nia. Wala haumwangukii mtu mmoja: nauli ya kwenda usailini ilichangwa na mjomba, shati liliazimwa kwa jirani, na nyumba nzima inauliza jioni, "Vipi, wamekupigia?"

Hoja ya wajibu inatoka katika neno la jopo lenyewe. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa 1962, alionesha kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. "Tutakujulisha" ni mojawapo. Ni ahadi, ingawa haina tarehe, na kutokuwa na tarehe hakuifuti. Sheria nazo hazimwoni msailiwa kuwa mpita njia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamkinga dhidi ya ubaguzi hata anayetarajiwa kuajiriwa, na sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inamhesabu mwombaji kuwa mwajiriwa kwa shabaha hiyo hiyo. Kama anahesabika kiasi cha kutobaguliwa, ni vigumu kuona kwa nini asihesabike kiasi cha kujibiwa.

Msailiwa anaweza kujitoa mwenyewe katika -ja-. Anaweza kuandika kuuliza, na kuuliza si utovu wa adabu. Anaweza kujiwekea siku na kuomba kwingine. Lakini siku hiyo aliyojiwekea ni ya kubuni, na moyo unajua hivyo. Kugeuza "hawajajibu" kuwa "hawakujibu" kwa hakika ni kazi ya upande wenye faili. Basi aliyekaa kwenye jopo mwezi huu, na orodha ya waliokosa ingali mezani kwake, awaandikie. Mstari mmoja unatosha, hata ukiwa wa kukataa.