UMEOKOKA ZAMANI, MBONA BADO MCHANGA?

Mtoto akizaliwa tunamwita mtoto mchanga. Embe lisilokomaa ni embe changa. Neno hili si tusi! Nazi yenyewe huanza kidaka, inakuwa kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo nazi. Hakuna anayelaumu kitale. Lakini kitale kikibaki kitale siku zote, mkwezi atakitupa!

Je, wewe? Umeokoka miaka kumi, usiposalimiwa kanisani unanuna. Mchungaji asipokuombea, wewe huombi. Soma Waebrania 5:12-14: watu waliopaswa kuwa walimu bado wanataka maziwa! Hata mimi nilihubiri miezi sita huku nimemnunia ndugu yangu wa tumbo moja. Sauti kubwa, moyo mchanga!

Yesu alisema tuwe kama watoto (Mathayo 18:3-4), yaani tujinyenyekeze. Hakusema tudumae!

Ndugu, umemnunia nani? Nenda leo mkapatane. Kisha fungua Biblia mwenyewe, piga magoti mwenyewe. Mungu akukomaze! Amina.