Nani Atajibu kwa Ajili ya Mbwa?

Siku moja ya soko, katika kijiji kilicho kando ya ziwa Tanganyika, mama mmoja alipita njiani na kikapu cha ndagala kichwani. Mbwa wa mwindaji akatoka nyuma ya nyumba bila kamba, akamzunguka, akakenua meno karibu na miguu yake. Mama akapiga kelele, kikapu kikaanguka, ndagala zikamwagika mchangani.

Mwenye mbwa akaja polepole, akasema kwa sauti kubwa: «Mama, unaogopa nini? Mbwa huyu haumi.»

Mama akajibu: «Wewe wajua kwamba haumi, baba. Mimi ningejuaje?»

Watu wakakusanyika. Wengine wakacheka, wengine wakasema mbwa auawe. Mwenye mbwa alipoona aibu imempata mbele ya watu, akashika fimbo, akampiga mbwa wake sana.

Jambo hili laonekana dogo, lakini makosa yake ni mengi. Inafaa kuyatazama moja moja, maana kwa ugomvi wa namna hii urafiki wa nyumba mbili huweza kuvunjika.

Je, mbwa ametenda dhambi? Hapana. Dhambi yataka akili na utashi, navyo mnyama hana. Tena mbwa yule hakuwa mkali, alikuwa mwoga. Alipokuwa mdogo alimwagiwa maji ya moto jikoni, na tangu siku ile kila mtu mwenye mzigo alimtia hofu. Mbwa mwoga hujulikana kwa dalili zake: huficha mkia kati ya miguu, hulaza masikio nyuma, hugeuza uso, hulamba midomo ingawa hakuna chakula. Huyo akiuma, huuma kwa sababu haoni njia ya kukimbilia. Tena wako mbwa wa asili wa Kongo, wale wenye mkia uliojikunja juu ya mgongo, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Ndiyo maana wawindaji huwafunga kengele ya mti, wapate kujua walipo porini. Mbwa asiyebweka hampi mpita njia nafasi ya kujiweka tayari.

Je, mwenye mbwa ana kosa? Ndiyo, anayo makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kwamba alijua, wala hakumfunga. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, yasema juu ya ng'ombe aliyemwua mtu kwa pembe. Kama ng'ombe hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikwisha kuonywa, naye hakumlinda, hatia ni yake pia. Basi, kipimo cha hatia ni kujua. Sheria ya Kongo nayo, katika amri ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 261, yamwajibisha mwenye mnyama kwa hasara aliyoifanya mnyama wake, hata kama mnyama alipotea au alitoroka.

Kosa la pili ni lile neno «haumi». Pengine ni neno la kweli. Lakini mwenye mbwa amekaa na mbwa wake miaka, na mpita njia amemwona kwa kitambo kidogo tu. Kusema «haumi» ni kumtaka mama aweke mguu wake uwe rehani ya neno la mtu mwingine. Tena hofu ya mama ilikuwa ya kweli, ingawa meno hayakumgusa. Mwenye kucheka hofu ya jirani amemjeruhi mara ya pili.

Kosa la tatu ndilo lililofichika kuliko yote, nalo ni ile fimbo. Mwenye mbwa hakupiga ili kufundisha, maana mbwa hajui kwa nini anapigwa. Alipiga ili watu waseme: «Tazama, huyu si mlegevu.» Aibu ilikuwa yake, maumivu yakawa ya mnyama. Tena faida haipo, kwa kuwa mbwa mwoga akipigwa penye watu huzidi kuwaogopa watu, na siku ya pili atakuwa wa hatari zaidi.

Na wale watazamaji je? Waliocheka na waliotaka mbwa auawe waliongeza moto. Kitabu cha Mithali, sura ya 26, chamfananisha mtu anayeingia ugomvi usio wake na mtu anayemkamata mbwa kwa masikio. Afadhali wangaliokota ndagala.

Lakini liko swali gumu. Huenda mwenye mbwa atasema: «Asubuhi ile watoto walimtupia mbwa wangu mawe. Nikiomba radhi, nitakubali kosa lote, na huo ni uongo.» Jibu ni hili: kuomba radhi si kubeba kosa la kila mtu, bali ni kujibu kwa ajili ya sehemu yako. Kamba ilikuwa mkononi mwake, si mkononi mwa mama. Habari ya watoto na mawe ni ya kweli, nayo ina mahali pake, yaani jioni, mbele ya baba zao. Mama hakutupa jiwe.

Basi, mwenye mbwa atende hivi. Kwanza amwite mbwa kwa sauti ya upole, amfunge, asimame kati yake na mtu. Kisha aulize: «Umeumia, mama?» Tena alipe kilichoharibika. Maelezo yafuate baadaye, watu wakiisha kutulia. Mbwa akiwa amemwuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, na mtu apelekwe hospitali upesi, hata kama jeraha ni dogo. Hapo mwenye mbwa aseme kweli kama mbwa amepata chanjo au hakupata. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu karibu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na dalili zikiisha kuonekana ni vigumu mno mtu kupona. Uongo wa kuokoa heshima hapa waweza kumwua jirani.

Mpita njia naye asikimbie, kwa kuwa mbwa hufukuza kinachokimbia. Asimame, asimkazie macho. Akitaka kumwonya mwenye mbwa, aonye. Bwana Yesu, katika Injili ya Matayo, sura ya 18, afundisha kwamba ndugu mwenye kosa aendewe kwanza faraghani. Ni kweli, hatari iliyo njiani yapasa kutangazwa papo hapo, hasa kwa ajili ya watoto. Lakini kuonya ni kitu kimoja, na kuaibisha ni kitu kingine. Anayeonya hutaka mbwa afungwe. Anayeaibisha hutaka mtu adharauliwe.

Jioni ile mwenye mbwa alikwenda nyumbani kwa mama, akachukua bei ya ndagala mkononi. Alisimama mlangoni kitambo, maana ni vigumu kwa mwanamume aliyesema kwa sauti kubwa mchana kusema kwa sauti ndogo usiku. Akasema: «Mama, nilijua kwamba mbwa wangu ni mwoga, wala sikumfunga. Unisamehe.» Mama akapokea fedha, akamwambia akae. Siku ya soko iliyofuata, mbwa alikuwa amefungwa chini ya mwembe, mbali na njia.