Nasaba, Ndoa na Amana ya Uongozi

Swali la mtu ni wa wapi, ambalo wenye hekima wamelijadili karne nyingi wasilimalize, lilizuka katika vilima vya chai vya Bomet, nchini Kenya, mwaka 2017, pale Dakta Joyce Laboso, binti wa nchi ile na mbunge wa Sotik, alipotaka ugavana, na baadhi ya wapinzani wakamwambia kwamba yeye, aliyeolewa na Mjaluo, aende akaombe kura kwa mumewe, upande wa Kisumu.

Wala hakuwa mgeni wa siasa. Alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton, hata tarehe 10 Juni 2008 dada yake Lorna, mbunge wa Sotik, alipofariki pamoja na waziri Kipkalya Kones katika ajali ya ndege upande wa Narok, walipokuwa wakienda Kericho kwa uchaguzi mdogo wa Ainamoi. Septemba ya mwaka ule Joyce alikipata kiti cha marehemu dada yake kwa kura, na mwaka 2013 akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa, mwanamke wa kwanza kupewa dhima hiyo.

Hoja ya wapinzani haikuwa upuuzi mtupu. Kwa ada ya Wakipsigis, wenyeji wa Bomet, mwanamke akiolewa huingia katika ukoo wa mumewe, na ada hiyo imehifadhi ardhi na mifugo ya koo tangu zama za mababu. Mwenye insafu hawezi kuidharau. Lakini ada hizo hizo zina mlango mwingine: mwanamke asiyejaaliwa mtoto wa kiume aweza kumwoa mwanamke mwenziwe, akahesabiwa mume mbele ya wazee, na watoto wakawa wa nyumba yake, tena ziko koo zisimuliazo bila ya haya kwamba wahenga wao walitoka Ugusii, kwa kabila jingine. Watu waliojua kuufanya undugu kwa ahadi na taratibu, wakauheshimu kama ule wa tumbo moja, watasemaje leo kwamba damu peke yake ndiyo ijuayo nani ni wetu? Hata katika Biblia, Ruthu alikuwa Mmoabi, akaambatana na mkwewe hadi Bethlehemu, na Mfalme Daudi ni kitukuu chake.

Uongozi, kwa itikadi yangu, ni amana, na Sura ya An-Nisaa yaamuru amana zifikishwe kwa wenyewe. Haikusema mchukuzi wake awe ameolewa wapi. Katika kituo cha kununulia chai karani hupekua gunia kwa mkono, akatafuta majani mawili na chipukizi, akatupa yaliyokomaa, kisha akalitundika mizanini na kuandika kilo. Hamwulizi mchumaji mumewe ni kabila gani. Hivyo ndivyo raia wa Bomet walivyompima mama huyu tarehe 8 Agosti 2017, wakamchagua mbele ya gavana Isaac Ruto, akawa yeye, Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga magavana wa kwanza wa kike kuchaguliwa nchini.

Hakujaaliwa kumaliza muhula. Saratani ilimwondoa tarehe 29 Julai 2019, naye akazikwa Fort Ternan, kaunti ya Kisumu, nyumbani kwa mumewe. Yamkini mtu akasema kwamba kaburi limewapa ushindi wale waliomkana. Nakataa kabisa. Kulala penye nyumba ya mumewe ilikuwa haki ya ndoa yake, na kuwatumikia waliomzaa ilikuwa haki ya uzawa wake, wala Katiba ya 2010 haikumtaka aiache moja ndipo aipate ya pili. Wanaume wa Kericho na Bomet waliooa nje ya kabila ni wengi, nami sijasikia hata mmoja wao akiambiwa aende akaombe kura kwa wakwe zake. Wazee wa nchi ya chai na watueleze sababu, kabla binti mwingine hajasimama jukwaani.