Swali Si Dhambi



Nikiwa likizo hapa nyumbani Nyanungu, vijana waliotoka kwenye vikundi vya dini vinavyobana watu huniuliza: "Frateri, kama kule nilidanganywa, nitajuaje kwamba huku sidanganywi?"

Tusilikwepe swali hili. Viongozi wa kundi la Kanungu, Uganda, walikulia katika Kanisa letu, mmoja wao padre. Walitangaza kwamba dunia itaisha mwishoni mwa 1999. Haikuisha, waumini wakaanza kuhoji. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya kanisa lao. Kwa hiyo jina "Mkatoliki" peke yake si kinga.

Kipimo ni hiki: ukiuliza, unajibiwa au unatishwa? Mtume Tomaso alitaka kuona majeraha. Yesu hakumfukuza, alimwonyesha. Tomaso wa Akwino naye hutanguliza hoja za wanaopinga, ndipo ajibu. Na sisi tujipime hivyohivyo, kuanzia jumuiya zetu mpaka kwaya.

Anayeogopa kudanganywa tayari anautamani ukweli, na Kristo ndiye Ukweli. Usimwache Mungu kwa sababu ya mtu aliyejificha nyuma ya jina lake. Uliza taratibu, huku ukisali.