Upanga na Ala

Msomaji, ukiambiwa uchague kati ya upanga na ala yake, utachagua kipi? Usifanye haraka kujibu. Swali hili limo katika kitabu cha Sir Thomas Malory, kilichopigwa chapa Uingereza mwaka 1485. Mfalme Arthur alikuwa amepata upanga wa ajabu, Excalibur, kutoka ziwani. Merlin, mchawi na mshauri wake, akamwuliza kipi kilimpendeza zaidi. Arthur akajibu, upanga. Ndipo alipoambiwa kuwa ala ilishinda panga kumi kwa thamani, kwa sababu aliyeivaa hakutokwa na damu hata akijeruhiwa vibaya.

Kwa jibu lile simlaumu. Upanga hung'aa na kuvuta macho. Ala hukaa kiunoni kimya. Ajabu ni kwamba hata baada ya kuelezwa hakubadilika. Siku moja alilala upanga u mkononi, na ala ameiacha kando. Morgan le Fay, dada yake kwa mama, alikuja kuuiba upanga. Hakuthubutu kuugusa, asije akamwamsha. Akachukua ala, na alipofuatwa akaitupa katika kilindi cha ziwa.

Nasi je? Tupimapo nguvu za mtu twatazama awezavyo kupiga. Ni mara ngapi twatazama awezavyo kuhifadhi?

Katika vita vyake vya mwisho Arthur alimwua Mordred, mwanawe mwenyewe, naye akapigwa jeraha kubwa la kichwa. Excalibur ulikuwa ungali wake. Akamwagiza shujaa mmoja akautupe majini.